Nilipima Sukari Nikiwa na Chungwa Mkononi

Duka la dawa la mtaani kwetu lina mashine ya kupimia sukari. Asubuhi moja nikapita pale sijatia kitu tumboni, nikachomwa kidole, ikasoma 7.4 (milimoli kwa lita). Muuzaji akanitazama kwa huruma: "Mama, una sukari."

Usiku sikulala. Kwanza, hiyo 7, ambayo ukiifikia kabla ya kula unaambiwa una kisukari, imetoka wapi? Daktari alinieleza kwamba hadi 1997 mpaka ulikuwa 7.8, wataalamu wa Marekani wakaushusha hadi 7.0, na Shirika la Afya Duniani likafuata 1999. Hawakuiokota njiani. Walipima watu, wakiwemo watu wa kabila la Pima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, na Wamisri, wakawachungulia macho, wakaona kuanzia karibu na hapo mishipa midogo ya nyuma ya jicho inaharibika kwa wengi. Ni mpaka wa macho, basi, na mwenye 6.9 asianze kushangilia.

Mpaka sina ugomvi nao. Kilichokuwa na walakini ni kidole changu: kabla ya kutoka nilimmenyea mjukuu chungwa, nikajifuta kwenye kanga. Utamu wa tunda ukibaki kidoleni unaidanganya mashine. Na hata ukiwa umenawa, mashine hizi zinaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi.

Maabara wakanitoa damu ya mshipani: 6.6. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kikasoma asilimia 5.9, na mpaka wake ni 6.5. Nikashusha pumzi, lakini daktari akauliza kama kwetu kuna sikoseli. Ipo, kwa mtoto wa mdogo wangu. Nikapimwa, kumbe na mimi nimeibeba, na kwa watu kama sisi kipimo hicho kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Hili litaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa. Upungufu wa madini ya chuma nao taja, maana huo huweza kukipandisha.

Nikanyweshwa gramu 75 za glukosi, matamu ya kukera. Baada ya saa mbili: 12.3, na mpaka ni 11.1. Kwa kuwa sikuwa na kiu kali, wala kukojoa usiku, wala kukonda, kipimo kimoja hakikutosha, tukarudia wiki iliyofuata. 12.0.

Nilipoenda kununua metformin, dawa ya kisukari, muuzaji akacheka: "Si nilikwambia, mama?" Nikamwambia aweke ndoo ya maji na sabuni pale mlangoni.