Nyasi chini ya mwembe: kabla hujanunua, pima jua

Hapa Dar mtu akipata kiwanja chenye mwembe mkubwa wazo la kwanza ni kuukata, eti nyasi hazioti chini yake. Jamani mwembe usiukate, kivuli kile mwezi wa pili joto likikolea hamna feni inayokifikia. Cha kufanya ni kujua unapanda nini na wapi.

Anza na jua. Chagua siku moja jua linawaka, shinda nyumbani, kila baada ya muda toka uchomeke vijiti kuonyesha mwanga umefika wapi. Panapopata masaa sita na zaidi weka ukoka wako au nyasi za paspalamu, hapo hamna shida. Panapopata kama masaa manne, hata kama ni jua la kuchujwa na majani, ukoka utakonda tu mpaka uishe, hapo tafuta nyasi za majani mapana, kuna Stenotaphrum ambazo huku pwani zinatambaa zenyewe chini ya minazi, na kuna Axonopus compressus. Kwa wauza maua wa barabarani kila mtu ana jina lake kwa hiyo usibishane, mwambie akung'olee kishada uone mwenyewe: jani linakaribia upana wa kidole kidogo, ncha butu, shina linalala juu ya udongo na kila kifundo kina mizizi. Ukiona jani jembamba lenye ncha kali huo ni ukoka, rudisha.

Pale kwenye giza kabisa achana na nyasi, usipoteze hela. Weka mondo, ule mmea wa majani membamba unaofanana na nyasi, au yale majani yanayotambaa yenye mistari ya rangi ya fedha juu na zambarau kwa chini, ambayo ukivunja kipande ukakichomeka kwenye udongo wenye unyevu kinashika.

Sasa udongo, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Yaani tatizo kubwa la uwanja wa chini ya mwembe wala sio kivuli peke yake, ni fagio la chelewa! Kila asubuhi linapita, linabeba majani ambayo yangeoza yakawa chakula, linabeba na ule udongo laini wa juu, miaka ikipita ardhi inakuwa ngumu kama sakafu na maji yanateleza tu. Tumia reki ya majani, tena kwa mkono mwepesi, na karibu na shina acha majani yabaki hapo hapo. Kulainisha usitumie jembe maana mizizi ya mwembe inayotafuta chakula iko juu juu, chukua uma wa bustani toboa toboa, mwaga samadi iliyooza vizuri unene wa vidole viwili hivi, na usiirundike kwenye shina, gome litaoza.

Ratiba yenyewe: maembe yakiisha, Januari au Februari, punguza matawi ya chini mwanga uingie, halafu panda masika yakianza mwezi wa tatu. Ila mvua isikudanganye, majani ya mwembe yanazuia maji mengi na yanayofika chini mti wenyewe unayagombania, kwa hiyo choma kidole kwenye udongo, ukikuta pakavu mwagilia, tena asubuhi ili majani yakauke mapema, kuvu inapenda unyevu wa usiku.

Yurea usimwage sana, kwenye kivuli inarefusha nyasi tu zinakuwa dhaifu. Na anayekufyekea mwambie asinyoe mpaka chini, aache kama sentimita 7 au 8, nyasi ya kivulini inahitaji jani la kutosha kushika ule mwanga kidogo inaoupata.

Mwisho, msimu wa maembe watoto watakuwa hapo kila siku wanaangua, huwezi kuwazuia na wala usiwazuie, panga pevingi chache kwenye njia wanayopita.