Ardhi inanisukuma mimi, au ninaisukuma?

SWALI: Papa Mwalimu, jambo! Niko mwanafunzi hapa Goma, upande wa Ndosho, na wakati wa konji ninamsaidia yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kubeba makala ya kupikia kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu, isiyo na pedali. Darasani walitufundisha sheria tatu za Newton juu ya mwendo na mbili zinanisumbua. Ya kwanza inasema kitu kikitembea kinaendelea tu kutembea, lakini chukudu nikiacha kuisukuma kwenye mawe ya volkano inasimama papo hapo. Ya tatu inasema nikisukuma kitu nacho kinanisukuma kwa nguvu ileile, sasa si zinamalizana? Chukudu inatembeaje?

JIBU: Jambo mwanangu. Swali lako limenifurahisha sana juu wengi wanakariri hizi sheria, wanapata pointi kwenye ekzame na basi, wewe umezipeleka barabarani ukaona hazikubali.

Nianze na ya tatu, ndiyo inachanganya watu. Angalia mguu wa yaya yako: goti moja liko juu ya ubao, mguu mwingine uko chini, na huo wa chini hausukumi chukudu hata kidogo, unasukuma ardhi kwenda nyuma. Ardhi nayo inamsukuma yeye kwenda mbele, na sababu ameshika chukudu wanaenda pamoja. Nguvu ziko sawa kweli, lakini moja iko kwa ardhi, nyingine iko kwa yaya, zitamalizanaje? Deni la jirani huwezi kulitoa kwenye mfuko wako. Siku ya mvua mguu unateleza kwenye tope, ardhi inakosa kuurudishia nguvu, na hapo chukudu haiendi popote hata ujikaze namna gani.

Ya kwanza ina maneno ambayo watu wanayaruka: kitu kinaendelea na mwendo wake KAMA hakuna nguvu ya nje inayokizuia. Kwako iko, inaitwa msuguano, mawe chini ya gurudumu na ekseli iliyokauka grisi. Ipake grisi halafu uisukume kwenye lami, utaona inavyokwenda mbali zaidi kwa msukumo uleule. Chombo cha anga Voyager 1 kilirushwa na Marekani mwaka 1977, leo bado kinakimbia kilomita 17 hivi kila sekunde na hakuna injini inayokisukuma, juu huko angani hakuna mawe wala tope.

Ya pili hukuiuliza lakini ndiyo inayonitia hofu nikiwaona vijana wanateremka kutoka Kibumba, kule juu kaskazini ya Goma. Inasema nguvu ni kilo mara mabadiliko ya mwendo kwa sekunde. Tuseme yaya, chukudu na magunia ni kilo 300, mwendo mita 5 kwa sekunde. Kusimama polepole kwa sekunde 10 kunataka nyutoni 150 tu (nyutoni ndiyo kipimo cha nguvu), ila mtoto akikatiza ghafla na lazima asimame kwa sekunde 1, ni nyutoni 1,500, karibu uzito wa kilo 150, zote zitoke kwenye kile kipande cha tairi anachokanyaga nyuma kama breki, na hapo sijahesabu mteremko! Halafu magunia yenyewe yanataka kuendelea mbele, sheria ya kwanza tena, yakifunguka yanamwangukia mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya kuteremka mkague tairi la breki, na kamba za mpira mzikaze mara mbili.