Kusafiri peke yako ukiwa na miaka 67

Dada yangu, umeuliza kama ukiwa na miaka 67 unaweza kwenda likizo nje ya nchi peke yako, maana watoto wanakukatisha tamaa. Nenda! Mimi nilianza nikiwa na 64, na sijajuta hata siku moja.

Pasipoti kwanza: nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Halafu bima ya safari, na hapo usifiche kitu. Kama una presha au sukari, itaje kwenye fomu, la sivyo siku ya kudai wanaweza kukukatalia. Dawa zangu mimi hukaa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la kila dawa, kwa sababu jina la dukani hubadilika ukivuka mpaka.

Chagua ndege inayotua mchana. Kuburuta begi saa tano za usiku ukitafuta namba ya nyumba gizani kunachosha kuliko safari yenyewe.

Watoto waachie nakala ya pasipoti na ratiba yako, watatulia.

Na kula peke yako hotelini, kunakokutia hofu? Kaa meza ya dirishani, agiza taratibu. Jioni ya pili utakuwa umeshazoea.