Manali hadi Leh kwa siku mbili
Ndugu, umeuliza kama ninyi sita mnaweza kutoka Manali hadi Leh, kaskazini mwa India, kwa pikipiki kwa siku mbili. Inawezekana, ila nisingewashauri, kwa sababu kambi za Sarchu, ambako wasafiri wa siku mbili hulala njiani, ziko juu ya mita 4,200, na aliyetoka Manali, penye mita 2,000 hivi, huamka huko kichwa kikimgonga na hata chai haipiti. Laleni kwanza Jispa, kijiji cha njiani kilicho chini zaidi ya Sarchu. Vijito vya theluji vivukeni asubuhi, mmoja mmoja, kwani kufikia alasiri maji yaliyokuwa ya kifundoni huweza kugusa injini. Jazeni mafuta Tandi, kijiji kilicho kabla ya Jispa, na mbebe madumu, maana mbele yake vituo ni adimu. Asiye mzoefu awekwe karibu na kiongozi, kamwe asiachwe mkiani.