Moyo Usio na Mpangilio na Kiharusi: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua tulizozichagua safari hii zinatoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na zote zinahusu ugonjwa mmoja: mapigo ya moyo yaliyopoteza mpangilio kwa sababu vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka, hali ambayo wataalamu huiita fibrilesheni ya atria. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68 na ni mgonjwa wa presha na kisukari wa muda mrefu. Alianza kuchoka haraka na kulalamika kuwa moyo unamdunda ovyo. Alipimwa umeme wa moyo, tukaambiwa vyumba vya juu havipigi sawasawa, akaandikiwa bisoprololi na aspirini ndogo ya kila siku. Sasa moyo umetulia. Daktari mwingine aliyemwona baadaye anashauri aanze warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini mjomba amekataa kabisa, anasema hiyo ni dawa ya panya na itammaliza mama kwa kutokwa na damu. Kama amepata nafuu, ana haja gani ya dawa hiyo? — Mwana anayeuguza, Tandahimba

Marahaba. Nafuu ya mama ni ya kweli, lakini imeletwa na bisoprololi, ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya moyo. Dawa hiyo haizuii damu kuganda, na kwa hiyo haimkingi na kiharusi hata kidogo. Hili ndilo ningependa familia nzima ilielewe, mjomba akiwa wa kwanza, kwa sababu wagonjwa wengi huishia hapo: moyo ukishatulia, huona matibabu yamekamilika.

Katika moyo wenye afya, vyumba viwili vya juu hujikaza kwa pamoja na kusukumia damu vyumba vya chini. Umeme wa moyo unapovurugika, vyumba hivyo hutetemeka badala ya kujikaza, damu ikatuama, hasa katika kifuko kidogo kilicho pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka humo hushuka chumba cha chini, huingia katika mshipa mkuu, na mara nyingi hupanda hadi ubongoni, ambako huziba mshipa na kuinyima damu sehemu nzima ya ubongo. Mtu mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kupata kiharusi inayokaribia mara tano ya ile ya mwenzake asiye nao. Tena kiharusi cha namna hii kwa kawaida ni kizito kuliko vingine, kwa kuwa mabonge yatokayo moyoni huwa makubwa na huziba mishipa mikubwa. Bonge hilo hujijenga bila maumivu na bila moyo kwenda mbio, kwa hiyo kujisikia vizuri hakumwambii mgonjwa lolote kuhusu hatari aliyo nayo.

Ili kuamua nani anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, madaktari hufanya hesabu ya alama. Moyo unaoshindwa kusukuma damu inavyotakiwa huhesabiwa alama 1, presha 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa ya damu kama vile shambulio la moyo la awali 1, umri wa miaka 65 hadi 74 alama 1, umri wa miaka 75 na kuendelea alama 2, na kiharusi kilichowahi kutokea alama 2. Hesabu ya zamani iliongeza alama moja kwa kuwa mgonjwa ni mwanamke, lakini mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa. Anayefikisha alama 2 hushauriwa kutumia dawa. Mama yako, kwa presha, kisukari na umri, ana alama 3.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni aspirini. Imezoeleka, ni rahisi, haina vipimo, na watu huiamini kuwa ndiyo salama. Kwa ugonjwa huu haitoshi. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yameonyesha kuwa warfarini hupunguza viharusi kwa takriban theluthi mbili, ilhali aspirini hupunguza kwa takriban moja ya tano tu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa kimataifa wa wagonjwa wapatao 5,600 ambao walionekana hawafai kupewa warfarini: waliopewa aspirini walipata viharusi au mabonge katika viungo vingine kwa kiwango cha watu 3.7 kwa kila 100 kwa mwaka, na waliopewa apiksabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, 1.6, huku kutokwa na damu kwingi kukiwa hakutofautiani sana kati ya makundi hayo mawili. Aspirini inaweza kuwa na sababu yake kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au kuzibuliwa mshipa wa moyo. Kama mama hana historia hiyo, muulizeni daktari wake kama kuna sababu ya kuendelea nayo, hasa akianza dawa nyingine, kwa kuwa dawa hizo mbili zikitumika pamoja huongeza kutokwa na damu.

Mjomba hakukosea kuhusu panya, na asionekane mjinga. Chanzo cha warfarini ni ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliovuja damu hadi kufa katika miaka ya 1920 baada ya kula majani makavu yaliyooza. Wanasayansi wa Wisconsin walikitambua kilichokuwa kikiwadhuru, na kutokana na kazi hiyo warfarini iliuzwa kama sumu ya panya kuanzia mwaka 1948. Mwaka 1954 iliidhinishwa kutibu binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya kupata shambulio la moyo. Kinachotenganisha sumu na tiba hapa ni kiasi, na ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu kipimo kinachoitwa INR, ambacho kwa mgonjwa kama mama hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka chini ya 2 kinga inapungua, na kikipanda sana damu inaweza kuvuja.

Kwa mama yako, ikiwa vali zake, yaani milango ya ndani ya moyo, ni nzima, kuna pia vidonge vipya: apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani na edoksabani. Havihitaji INR, na vinasababisha damu kuvuja ndani ya ubongo mara chache zaidi kuliko warfarini. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Ugumu wake ni bei, na ulazima wa kupima figo kabla ya kuanza na baadaye tena. Ombeni mama apimwe moyo kwa mawimbi ya sauti, yaani eko, ili hali ya vali ijulikane. Ulizeni katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Kama vidonge vipya vitawashinda bei, msione kuwa mmekosa tiba: warfarini inayofuatiliwa vizuri ni kinga ya uhakika.

Hofu ya kutokwa na damu ifanyiwe kazi, isiwe sababu ya kukataa dawa. Presha ishushwe na ibaki chini. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wetu hununua dukani kwa ajili ya magoti na mgongo, ziachwe, na maumivu yatulizwe kwa parasetamo kwa kiasi anachoelekeza daktari. Akipata choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya puani isiyokoma, au akianguka na kugonga kichwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari, nina miaka 29, naishi Kilwa. Utotoni niliugua koo na viungo mara kwa mara, na baadaye nikaambiwa vali ya moyo imesinyaa. Natumia warfarini. Kila kipimo cha INR ni nauli, na shangazi aliye Dar es Salaam ameahidi kuninunulia vidonge vipya visivyohitaji vipimo. Nimeambiwa pia niache kisamvu. Nimeolewa, na tunatamani mtoto. — Msomaji, Kilwa

Binti yangu, mshukuru shangazi, lakini usibadilishe dawa. Vali yako imesinyaa kutokana na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo, na kwa vali ya namna hiyo vidonge vipya havifai. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye maradhi ya vali ya aina hii na mapigo yaliyovurugika, ulionyesha kuwa waliotumia warfarini na dawa za jamii yake walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Zile alama nilizozieleza hapo juu pia hazikuhusu: vali iliyosinyaa sana pamoja na mapigo yaliyovurugika inatosha kumfanya mgonjwa ahitaji dawa, awe kijana au mzee.

Kisamvu usikiache. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupingana na warfarini, lakini kinachovuruga kipimo ni kula kwa wingi wiki moja na kuacha kabisa wiki mbili zinazofuata. Kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na daktari atapanga dozi kulingana na mlo wako. Ogopa zaidi dawa zinazoongezwa bila mpango. Flajili na septrini hupandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na dawa za mitishamba hakuna anayeweza kukuhakikishia zitafanya nini. Kila unapoingia zahanati au duka la dawa, taja warfarini kabla hujapewa chochote. Kuhusu nauli, mweleze daktari wako waziwazi, kwa kuwa mgonjwa ambaye INR yake imetulia kwa muda mrefu anaweza kurefushiwa muda kati ya kipimo na kipimo.

Suala la mtoto ndilo linalohitaji haraka, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kushika mimba. Warfarini hupenya hadi kwa mtoto tumboni, na inaweza kumlemaza, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mimba yenyewe huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, mzigo ambao vali iliyosinyaa hubeba kwa shida. Onana na daktari wa moyo sasa, ili ajue kama vali inapaswa kutanuliwa kwanza. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutibu maradhi haya, na hospitali yako inaweza kukuandikia rufaa. Hadi hapo tumia njia ya uzazi wa mpango uliyochaguliwa na mtaalamu anayejua maradhi yako. Ukikosa hedhi, fika hospitali wiki hiyo hiyo ili dawa ipangwe upya, pengine kwa sindano za heparini, wala usiiache kimyakimya, kwa sababu bonge linaweza kukuua wewe na mtoto.

Wazazi mnaosoma jibu hili, mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe zahanati. Penisilini iliyotolewa mapema inaweza kuzuia yote haya.

Mimi ni mkulima wa korosho, miaka 61, nina presha. Msimu wa mabibo, baada ya siku kadhaa za uraka mfululizo, moyo ulienda mbio ovyo. Tatizo lilionekana kwenye kipimo, lakini kesho yake mapigo yalirudi yenyewe. Nimepona? — Msomaji, Newala

Hapana, ndugu yangu. Ugonjwa unaokuja na kuondoka nao huleta kiharusi. Kwa sasa una alama 1, ambapo daktari anaweza kukushauri uanze dawa baada ya kupima faida na madhara yake kwako. Ukifika miaka 65 zitakuwa 2. Pombe ni moja ya vichocheo vinavyofahamika vizuri. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wanywaji walioacha pombe walirudiwa na mapigo haya mara chache kuliko walioendelea, na hilo linahusu uraka sawasawa na bia. Jifunze pia kujipima: weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Ukikuta mapigo yasiyofuatana kwa utaratibu, rudi upimwe umeme wa moyo.

Nikifunga Ramadhani, nimeze vipi dawa ya kuzuia damu kuganda? — Msomaji, Mikindani

Warfarini humezwa mara moja kwa siku, hivyo inaweza kupangwa usiku. Rivaroksabani pia ni mara moja, na dozi yake ya ugonjwa huu lazima imezwe pamoja na chakula cha kutosha, la sivyo mwili hauipokei vizuri; mlo wa futari unafaa. Apiksabani na dabigatrani ni mara mbili, na kati ya futari na daku saa hazilingani, kwa hiyo zungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Usipunguze dozi kwa uamuzi wako.

Baba yetu ana miaka 77, na mapigo yake siku zote hayana mpangilio. Juzi mdomo ulipinda na maneno yakamtoka ovyo kwa kama robo saa, kisha akarudi sawa. Wazee wanasema ni upepo mbaya, tusubiri. Tufanyeje? — Familia, Nachingwea

Mpelekeni hospitali leo, msisubiri kesho. Hicho kilikuwa kiharusi cha muda mfupi: mshipa wa ubongo uliziba, kisha ukafunguka. Siku chache zinazofuata tukio kama hilo ndizo hatari zaidi kwa kiharusi kamili. Kwa umri peke yake baba ana alama 2, na tukio hili linamwongezea 2 nyingine. Dua haizuiwi, ila isomwe gari likiwa njiani.

Dalili zikirudi, yaani uso kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, au maneno kupotea, angalieni saa mara moja na muikumbuke, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kuwa ubongo hauvuji damu. Msimpe aspirini nyumbani, kwa kuwa bila picha hamjui kama mshipa umeziba au umepasuka. Msimpe chakula wala maji, maana koo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa. Mlazeni kwa ubavu, pigeni simu hospitali kabla ya kuondoka ili mjue kama ina kipimo hicho au mwelekee kwingine, na mchukue dawa zake zote pamoja na kumbukumbu ya saa aliyomeza dozi ya mwisho.