Maswali yenu kuhusu Geoffrey Bawa, na kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba ya Lamu

Juzi nilimtaja Geoffrey Bawa, yule msanifu majengo wa Colombo, nikasema vijana wetu wanaochora ramani hapa Lamu wamsome kabla hawajaujaza mji maboksi ya simiti. Maswali yamemiminika, najibu haya.

Ami, salaam alaikum. Huyu Bawa ni nani hasa, na mambo ya Sri Lanka yatuhusu nini sisi? (Kijana, Langoni)

Waalaikum salaam mwanangu. Kazaliwa Colombo 1919, kafa 2003. Babake alikuwa wakili, mamake wa ukoo wenye damu ya Wazungu waliolowea kule zamani. Yatuhusu manake Colombo ni mji wa Bahari ya Hindi kama huu wetu, joto lile lile, unyevu ule ule, chumvi ile ile inayokula kuta, na yeye umri wake wote aliumalizia kwenye swali moja tu, nyumba ya kisasa itakaaje baridi bila mashine. 2001 alipewa tuzo ya mwenyekiti ya Aga Khan, ile ya usanifu majengo, na mwaka huo huo ndo UNESCO ikautia mji wa Lamu kwenye urithi wa dunia.

Nina miaka 29, niko kazi ya ofisi, nataka kusomea usanifu majengo lakini watu waniambia nishachelewa. (Binti, Malindi)

Hujachelewa mwanangu. Bawa alisoma Kiingereza Cambridge, akasomea sheria, akawa wakili na kazi yenyewe haikumuingia moyoni. 1948 akanunua shamba la mpira, Lunuganga, karibu na Bentota, akataka kuligeuza bustani, akagundua mawazo anayo ila ufundi hana. Akarudi London kusoma, akamaliza akiwa na miaka 38. Majengo yote unayoyasikia yamekuja baada ya hapo, na hakuyafanya peke yake, alikuwa na msanifu mwenzake Ulrik Plesner kutoka Denmark na injinia Poologasundaram. Tafuta karo, anza.

Ami, plot yangu ni futi 40 kwa 80. Nataka kiwanda katikati kama nyumba ya bibi yangu Mkomani, fundi asema nitapoteza nafasi. Nimsikize? (Baba wa watoto wanne, Lamu)

Usimsikize kwa hilo, na nakwambia kwa nini kwa urefu kidogo, maana hapa ndo penye mambo. Colombo ya wakati ule mtu akijenga anaiweka nyumba katikati ya plot kama bungalow ya Mzungu, bustani mbele, bustani nyuma, madirisha yatazama barabara. Mji ukaanza kujaa, plot zikawa ndogo, bustani ikawa kichochoro cha kuanikia nguo na jirani anakuona unakula. 1960 Bawa akaanza nyumba ya msanii Ena de Silva akaigeuza yote ndani nje: ukuta mpaka kwenye mpaka wa plot, vyumba vimezunguka uwazi mkubwa, mwanga na upepo vinatoka katikati. Watu wa Colombo wakaona kumbe inawezekana kuishi mjini kwa stara na hewa ipite. Sasa niambie, hiyo si nyumba ya bibi yako? Usiku hewa baridi inashuka kwenye kiwanda inaingia vyumbani, mchana ile ya moto inapanda inatoka juu, na ukuta wa mtaani waweza kuufunga kabisa. Tupige hesabu: kiwanda cha futi 10 kwa 12 ni 120, plot yako ni 3,200, haifiki hata asilimia 4. Hiyo ndo nafasi unayoambiwa utapoteza! Na ukikiacha hicho utaweka esi (mashine ya baridi) kila chumba na taa itawaka mchana. Mwambie fundi kitu kimoja tu, sakafu ya kiwanda iwe chini kuliko vyumba na mfereji wa maji ya mvua achimbe kabla hajamwaga slebu.

Mabati yatuchoma. Yeye aliezeka nini? (Mama, Mokowe)

Vigae vya udongo, mamangu. Zamani zile serikali ya kwao ilibana sana bidhaa za nje, vioo na chuma vikawa shida, ikabidi atumie vya nyumbani. Alikuwa analaza karatasi za saruji zenye mawimbi, juu yake anapanga vigae: maji hayapiti, na jua linapiga udongo kwanza. Karatasi za wakati ule zilikuwa na asbesto kwa hiyo hizo usiguse. Kwako wewe makuti juu ya mabati, au dari yenye matundu ya hewa, itakusaidia vile vile.

Si alijenga mahoteli ya watalii tu? (Shela)

Hoteli alijenga, na nyingi za pwani mpaka Bali zimemfuata. Lakini bunge la Kotte, pembeni ya Colombo, lililofunguliwa 1982, ni lake, mapaa ya shaba juu ya kisiwa katikati ya ziwa lililochimbwa kwenye kinamasi. Hekalu la Seema Malaka kwenye ziwa Beira, lake. Hata ofisi ya benki ya ghorofa 12 aliipangia upepo wa asili, na hiyo mimi naiheshimu kuliko hoteli zote.

Huko wanatunza? Hapa mtu avunja nyumba ya matumbawe auze kiwanja. (Mzee, Mkomani)

Na huko pia, mzee wangu. Ile nyumba ya Ena de Silva kiwanja kiliuzwa. Ila hawakuiacha ikavunjwa ovyo, waliibomoa kipande kipande, wakavitia namba, wakaenda kuijenga upya Lunuganga. Ni kazi ya miaka na pesa nyingi, na sisi hata kupima nyumba na kuichora kabla haijaanguka hatufanyi, kitu ambacho kijana mwenye futi na daftari anakiweza kesho.

Mwanangu aenda Colombo kikazi, aangalie nini? (Lamu)

Aanze Number 11, nyumba ya Bawa mwenyewe kwenye 33rd Lane, bungalow nne alizozinunua moja moja akaziunganisha, viwanda vidogo vidogo kila kona. Aombe nafasi mapema, kule huingii tu.