Helikopta za uokoaji na ahadi ya "isiporuka, hamlipi"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa huku Makete. Kuna bwana alikuja kikaoni akatuambia nchi inaweza kuikabidhi kampuni binafsi kazi ya helikopta za uokoaji, tukalipia saa za kuruka tu: isiporuka, hamlipi. Ametuachia barua ya makubaliano ya awali tusaini. Kwa ajali za barabarani na watu wanaopotea Kitulo, hii si ndiyo nafuu yetu?

JIBU: Marahaba. Kukabidhi kampuni inawezekana. Uingereza iliipa Bristow mkataba Machi 2013, wa takriban pauni bilioni 1.6 kwa miaka kumi, na kuanzia 2015 kampuni hiyo ikachukua kazi iliyokuwa ya jeshi la anga na la majini. Kinachonikera ni hiyo "isiporuka, hamlipi". Naisikia kila huduma hii inapotajwa, na anayeisema ama haujui uokoaji ama ana helikopta ya kukodisha anayoitafutia wateja.

Katika uokoaji unalipia utayari. Kwenye mkataba huo wa Uingereza helikopta ilitakiwa iwe hewani ndani ya dakika 15 mchana na 45 usiku. Maana yake marubani wawili, mwendesha winchi na mwokoaji anayeshuka na kamba wako zamu saa zote, mafundi wapo, mafuta yapo, na kuna helikopta nyingine ya kushika zamu hii ikiwa matengenezoni. Watu hao wanakula mshahara hata mwezi uishe bila simu kulia. Kampuni isiyolipwa kwa kusubiri haitasubiri. Itapeleka watalii Ruaha, itazunguka na wagombea kwenye kampeni, na siku basi linapinduka Kitonga mtaambiwa rubani yuko Dodoma.

Halafu kuna milima yenu. Bwana huyo bila shaka aliwaonyesha kipeperushi kilichoandikwa "abiria sita". Abiria sita wa Dar es Salaam, usawa wa bahari! Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu robo. Jua likiwaka joto likafika nyuzi 18, mapanga yanahangaika kana kwamba yako mita 3,300. Na kumvuta majeruhi kutoka korongoni kwa winchi kunataka helikopta itulie hewani mbali na ardhi, bila ule msukumo wa hewa unaoibeba inapokaribia kutua. Mdaini jedwali la mtengenezaji la kuelea mbali na ardhi: mita 2,600, nyuzi 18, watu wanne, winchi, majeruhi, na mafuta ya kufika Hospitali ya Rufaa Mbeya. Akianza kuwasifia marubani wake badala ya kutoa jedwali, kikao kimekwisha. Ukungu nao upo. Kuna siku hakuna helikopta itakayogusa Kitulo, na hapo mtategemea vijana wenye machela na redio.

Hili nawaambia wengi, si Makete tu: kamati zinaikimbilia helikopta wakati hazijui nani anapokea simu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, uwanja wa ndege ulikuwa pale pale, lakini waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 kati ya 43 walifariki. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kwenye kiambatisho chake cha 12, unaitaka kila nchi mwanachama ipange huduma ya utafutaji na uokoaji, yenye kituo cha kuiratibu. Serikali ikikodi kampuni, wajibu huo unabaki kwa serikali. Anayewauzia helikopta bila kuuliza itaitwa na nani, usiku, kwa redio ipi, anawauzia nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima.

Hata wakubwa hukwama. Zabuni ya kwanza ya Waingereza ilifutwa Februari 2011 baada ya kubainika mzabuni alikuwa amepata taarifa za siri za zabuni hiyo. Sasa hapo kwenu mtu anataka saini ya kamati ya wilaya kwa huduma ya taifa zima, bila zabuni kutangazwa. Barua hiyo msiisaini. Ipelekeni kwa mwanasheria wa halmashauri, na bwana huyo aende Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cheti chake cha uendeshaji, kama anacho.